Fundi Haraka

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako hayapatani, na nikimpa Mama ujumbe akufikishie, unafika kwako ukiwa umeshaungwa viungo vyake.

Chuo chenyewe ni jengo la ghorofa moja nyuma ya ghala la vipuri vya magari. Chumbani tuko watatu: mmoja ametoka kiwanda cha nguo, mwingine ni muuguzi wa mgodini, na mimi wa stoo ya sabuni. Tukifaulu tutakuwa wakufunzi wa usalama na afya kazini, wenye cheti. Sitakuwa tena mjumbe wa kamati ya usalama anayegawa glavu na kununiwa.

Mwalimu wetu mkuu tumempachika jina la Kofia Ngumu, maana haivui hata akiwa ofisini anakunywa chai. Dari haijawahi kumwangukia mtu hapa, lakini yeye haiamini.

Jana nilifundisha somo langu la kwanza la majaribio, la vizimamoto. Nililiandaa vizuri. Niliposimama, nikashika karatasi nikaisoma toka mwanzo hadi mwisho kama taarifa ya msiba. Katikati muuguzi akalala, akakoroma. Darasa likaangua kicheko. Nikacheka nao ili nisilie.

Kofia Ngumu akaniambia mbele ya wote: "Wewe unajua kila kitu na hujafundisha chochote. Watu hawakumbuki kanuni, wanakumbuka mtu. Katafute mtu."

Hili usimwambie Mama. Nimeona aibu ya kututosha sote nyumbani.

Binti yako,
Chiriku

11 Februari

Binti yangu Chiriku,

Marahaba. Uvumilie mwandiko. Mkono wa kushoto nimeupeleka shule ukubwani, na mwanafunzi mzee ni mgumu.

Barua yako nimeisomea hapa hapa langoni. Madereva wa malori ya mbao wote wanajua kuwa binti yangu anasomea ukufunzi. Wengine wameshachoka kusikia, wakiniona nafungua lango wanasema wao kwanza, "Ndiyo mzee, tunajua, mkufunzi." Nawaacha wapite.

Hayo ya kukoroma yasikusumbue. Mimi kwenye kibanda hiki nakoromewa na injini za malori tangu asubuhi na bado napokea mshahara. Hapa kiwandani wakubwa wakija kukagua, wanajitokeza wafanyakazi wote kupanga mstari, na mimi nafungua lango kwa mkono mmoja huku ule mwingine nimeuweka mfukoni. Si kwamba wanasema kitu. Ni mazoea tu. Kwa hiyo najua habari ya kusimama mbele za watu ukatamani ardhi ipasuke. Inapita.

Ushauri sina, mimi si msomi. Ila huyo mwalimu wako kasema kweli. Mtafute huyo mtu.

Baba yako

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefaulu somo la pili, na si kufaulu tu, nimeongoza.

Safari hii sikushika karatasi. Somo lilikuwa kinga za mashine, nikatoa mfano wa fundi mmoja niliyewahi kusikia habari zake. Walicheka, kisha wakanyamaza, kisha wakapiga makofi. Hata muuguzi alikuwa macho. Kofia Ngumu alisimama akasema, "Huyu sasa ni mkufunzi." Kisha akasema somo hili hili ndilo nitakalofundisha kwenye mtihani wa vitendo, mbele ya wafanyakazi wa kweli, kwenye kiwanda watakachokichagua wao. Nikipita hapo, cheti ni changu.

Leo napita uani watu wananiita "Mwalimu". Hata mpishi.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Chiriku

27 Februari

Mwanangu,

Nimefurahi mpaka nikamwagia chai kitabu cha wageni. Msimamizi kaniuliza kulikoni, nikamwambia paa linavuja. Akatazama juu, jua kali.

Mama yako anauliza unakula nini. Mimi nauliza huyo fundi ni nani. Umesema uliwahi kusikia habari zake. Mafundi wa mashine wa huku karibu wote nawajua, na walioumia nawajua zaidi. Ni yule wa kiwanda cha viatu? Nisimulie na mimi nicheke, halafu ninyamaze, halafu nipige makofi.

Baba yako

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Mama tunakula vizuri, na kwamba nimenenepa, hata kama si kweli.

Habari niliyo nayo ni moja. Orodha ya viwanda vya mtihani imebandikwa. Mimi nimepangiwa hapo kwenu, kwenye kiwanda cha mbao. Nilikwenda kuomba nibadilishiwe, wakasema haiwezekani, barua zimeshatumwa.

Tutakuja tarehe kumi na nane. Baba, naomba siku hiyo uchukue ruhusa upumzike nyumbani. Kutakuwa na wageni wengi, watahini, magari yanaingia na kutoka, utachoka bure. Nitapita nyumbani jioni kuwasalimu, wakiniruhusu.

Tafadhali, Baba.

Chiriku

7 Machi

Kwa binti yangu,

Barua imefika. Nimeelewa.

Nitaomba ruhusa. Langoni atasimama mwingine, mwenye mikono yake miwili.

Nakutakia mtihani mwema.

Baba yako

10 Machi

Baba,

Hukuelewa, na kosa ni langu, kwa sababu nilikuandikia nusu. Wallahi sikuonei aibu wewe. Aibu ni yangu, na sasa naiandika yote kabla mkono haujaghairi.

Yule fundi ni wewe.

Kofia Ngumu alisema nitafute mtu, na mtu niliyemjua mwenye kisa cha mashine alikuwa mmoja tu. Nilikuwa sijui kilichotokea. Nilichokijua ni lile neno la Mama, kwamba ni haraka zako. Mengine nilitunga. Nikakubatiza Fundi Haraka. Nikasema ulikuwa unakimbilia kwenda kutazama mpira. Nikasema uliing'oa kinga ya msumeno kwa mkono wako ukawaambia wenzako kinga ni ya waoga. Halafu nikakunja vidole ndani ya mkono wa shati, nikawa naokota chaki inaanguka, naokota inaanguka. Darasa likacheka, Baba. Muuguzi akafuta machozi. Ndipo nikanyamaza ghafla, nikaunyoosha ule mkono juu, na wao wakanyamaza. Nilijua kabisa nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nasikia raha.

Jioni ile mwenzangu wa kiwanda cha nguo, ambaye ni mtu mpole, mwenye kilemba, aliniuliza tukiwa vitandani, "Yule fundi mwenyewe anasemaje?"

Nikasema, "Sikuwahi kumwuliza."

"Kwani amekufa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ilitoka hivyo hivyo, bila kukwama. Akanipa pole, akasema Mungu amrehemu, nikaitikia amina.

Sasa nimeagizwa kuirudia hadithi hiyo hapo kwenu, mbele ya watu waliokuwepo. Ndiyo maana nilitaka usiwepo. Nilitaka kukusema ukiwa mbali, kisha nije nyumbani nile chakula cha Mama kama mtoto mwema.

Ukitaka nisije nyumbani hata hiyo jioni, niambie. Na kama unaweza, nieleze ilikuwaje. Umri wote huu sijawahi kukuuliza.

Binti yako

14 Machi

Mwanangu,

Ni mimi mama yako. Kalamu siipendi, unajua, lakini baba yako hajashika yake.

Barua yako aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya redio. Jana akaitoa akaisoma tena. Nikamwuliza, "Mtoto anasemaje?" Akasema, "Ananipa pole ya kifo changu." Nikadhani homa imempanda kichwani, nikaichukua nikaisoma mwenyewe.

Nimekaa na uchungu. Siyo wako tu. Hilo neno la haraka nilikupa mimi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unauliza mbele za wageni, "Baba vidole viko wapi?" na yeye anainama. Nikawa nasema "ni haraka zake" ili maneno yaishe tuendelee kula. Yeye hakunikatalia, nami sikumwuliza zaidi. Nililala kitanda kimoja na mtu huyu na kunguni wake sikuwajua.

Kwa hiyo ukijipiga kofi, bakiza moja la mama yako.

Leo asubuhi kaniambia nimpigie pasi sare ya kazi, ile mpya. Nikamwuliza ya siku gani, akajifanya hakusikia. Kwa hilo masikio yake ni mabovu anapotaka.

Mama

21 Machi

Chiriku,

Naandika polepole ili uweze kusoma.

Kwanza, kuhusu kifo changu, usijali. Mlinzi wa lango hufa kila siku, watu wanapita hawamwoni.

Ile ruhusa nilikuwa nimeshaiomba. Barua yako ilipokuja nikaenda kwa msimamizi kuirudisha ruhusa hiyo. Nilikuwa na hasira, sikufichi. Nilisema, kama nitasemwa, nisemwe nikiwepo.

Gari la chuo lilipofika nilifungua lango nikatazama mbali. Wewe ukateremka kabla halijasimama vizuri, jambo ambalo mkufunzi wa usalama hafai kulifanya. Ukasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Shikamoo, Baba." Kisha ukawageukia wenzako, "Huyu ni baba yangu." Yule mwenye kilemba alinitazama kama aliyekutana na mzimu mchana. Nikajua ndiye aliyeniombea rehema. Nilimwitikia salamu yake vizuri, maskini, kosa si lake.

Ukumbini nilisimama mlangoni. Upande wa pili mashine ya randa hawakuizima, kwa hiyo sikusikia hata neno moja. Niliona tu. Ulianza vizuri. Halafu yule mwenye kofia akakupungia mkono, kama anayesema sasa tuletee kile kitamu. Ukasimama. Midomo ikacheza kidogo. Kisha vichwa vyote vikageuka kunitazama mimi, halafu vyote vikainama.

Nikasema, basi, ameshasimulia.

Nikarudi langoni. Mlipotoka nilijishughulisha na kufuli. Nilikuona ukinipungia kutoka dirishani, nikajifanya sikuoni. Hilo ndilo ninalokuomba radhi, na najua ndiyo sababu jioni hukupita nyumbani.

Saa ya kufunga kazi alikuja fundi wa randa, mwenzangu wa siku nyingi. Akaniinamia sikio hili linalosikia kidogo. "Unajua binti yako kasema nini?"

Nikamwambia, "Usinirudie."

"Kasema hadithi aliyoagizwa kuileta ni ya uongo. Kasema aliitunga, hakumwuliza mwenye mkono, na hataisema tena. Yule mwenye kofia kamwambia basi jaza nafasi kwa kitu kingine. Hakuwa na kitu. Akasimama tu mpaka muda ukaisha. Kanyimwa alama."

Akaniambia tena, "Na sisi hatukusema kitu. Hata leo." Kisha akachukua baiskeli yake akaenda.

Alijua ananiambia nini. Sasa na wewe nikueleze, maana umeuliza, na kabla yako hakuna aliyeuliza.

Kinga sikuing'oa mimi. Msimamizi wa wakati ule aliitoa kwa sababu mbao zilikuwa mbichi, zinakwama. Akaitundika ukutani. Tulikuwa tunaiona kila siku, na hakuna aliyeirudisha, hata mimi. Haraka sikuwa nayo. Siku hiyo nilikuwa na homa, nafanya kazi kama kobe. Ubao ukarudi nyuma kwa nguvu, ukavuta mkono. Basi. Hayo ningeweza kumwambia yeyote, hata wewe ulipokuwa ungali unatambaa.

Kilichonifunga mdomo ni kingine. Nilipouona mkono, nilijikojolea. Mtu mzima, fundi, nimesimama katikati ya wenzangu, suruali imelowa mpaka kwenye viatu, namlilia marehemu mama yangu kwa jina nililokuwa nikimwita utotoni. Fundi wa randa akavua ovaroli lake akanifunga kiunoni. Kabla hajanifunga mkono, Chiriku. Najua wewe kwa elimu yako utasema alikosea, damu kwanza. Lakini yeye aliona kinachoniua pale ni nini.

Mpaka leo hakuna hata mmoja wao aliyelitaja, hata wakilewa, hata tukigombana. Mama yako aliposema ni haraka zangu, niliona ni heri. Mtu wa haraka watu wanamlaumu, lakini hawamcheki. Sikujua kuwa wanaweza kumcheka pia.

Ya kinga simulia utakavyo, na taja na ukuta ilipotundikwa. Ya suruali iishie kwako.

Mtihani utarudia? Nijulishe.

Baba yako

9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma na nimeielewa. Sitaitaja tena, wala kwa maandishi.

Mtihani nimeurudia juzi. Kofia Ngumu alikuwa amenuna tangu ile siku ya kwenu. Aliniambia ofisini, "Ulikuwa na almasi mkononi ukaitupa chooni." Nikamwambia haikuwa yangu. Akasema mkufunzi anayeogopa kuwagusa watu akauze mitumba. Kuna wakati nilidhani ana haki. Hata sasa, nikisikia watu wanacheka darasani, hata kama wanacheka mambo yao, uso wangu unawaka moto.

Mwenzangu wa kilemba hakunisemesha siku kadhaa. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Mimi nilimwombea baba yako usiku kucha, na yeye yuko langoni anatafuna njugu." Kisha akacheka kidogo, lakini kwenye kitanda chake alinigeuzia mgongo. Nimemwacha. Nina deni lake la amina.

Safari hii nilipelekwa kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na mahoteli. Ukumbi wa mvuke, hewa nzito kama blanketi. Somo ni lile lile, kinga za mashine, na pale kuna mashine kubwa ya kupigia pasi, shuka linaingia huku linatokea kule. Nilipokuwa napanga vitu vyangu nikamwona mama mmoja wa makamo kwenye meza ya kukunjia. Mkono wake mmoja toka kiganja hadi kiwiko ni kovu tupu, limeng'aa. Alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu katika joto lile, ila amesahau kuishusha.

Kofia Ngumu naye alimwona. Akaninong'oneza, "Huyo hapo mtu wako. Mlete mbele."

Nikaenda mezani kwake. Nikamwamkia. Nikamwambia mimi ndiye nitakayefundisha, na kwamba nimekuja kumwuliza, si kumwagiza, kama angependa kusema chochote, au mimi niseme kwa niaba yake, au hapana.

Akashusha mkono wa sweta. "Nakuomba usinitaje," akasema. "Na ukifundisha, macho yako yasije upande huu. Wakiyaona, nao watanitazama."

Nikamwambia sawa.

Basi nikafundisha bila mtu. Nilisema habari ya kinga iliyotundikwa ukutani na watu wanaipita kila siku, kama ulivyoniruhusu, bila kusema ni wapi. Nikawauliza ya kwao iko wapi. Wakatazamana. Mmoja akasema iko nyuma ya pipa la sabuni. Tukaenda kuitoa wote, ina vumbi, tukaifunga, msimamizi wao amesimama pembeni anajikuna kichwa. Hakuna aliyecheka wala kulia, na makofi hayakupigwa. Upande wa ile meza sikutazama hata mara moja. Shingo iliniuma kwa kujizuia.

Kofia Ngumu akaniambia, "Somo kavu." Akaandika alama zake. Baba, nimepita. Ni alama za mwisho kabisa zinazomruhusu mtu kupita, chini yangu ni shimo. Lakini cheti hakiandikwi alama. Wakiniita kazini nitaitwa mkufunzi kama wengine, na mimi peke yangu nitajua niliingia kwa mlango gani.

Wenzangu walikuwa wameshatoka kungojea gari. Nilikuwa nakunja nyaya za vifaa vyetu nilipomwona yule mama amesimama karibu yangu. Akatazama nyuma kama kuna mtu, hakuna.

Akasema, "Asante kwa kuninyamazia."

Ningesema karibu, ningekuwa mnafiki. Ningemweleza nilichowahi kufanya, ningekuwa namtwika mzigo usio wake. Nikaona mezani kwake kumebaki rundo la mashuka. Nikashika ncha mbili za shuka, yeye akashika mbili, tukalinyoosha, tukalikunja, tukachukua jingine. Tulikunja hivyo mpaka dereva alipopiga honi.

Binti yako,
Chiriku